Muziki wa Shankar na Jaikishan Katika Baraza la Ruanda

Wahenga walinena kwamba penye wengi pana mengi. Ukweli wa usemi huu tumeuona kwa miaka mingi katika baraza letu dogo hapa Ruanda, wilayani Mbozi, katika nchi hii ya kahawa na mahindi iliyo kati ya Mbeya na mpaka wa Tunduma. Tukitaja Ruanda, wageni wengine hudhani kuwa tunazungumza habari za nchi jirani, na wengine hudhani ni ile Ruanda iliyomo ndani ya jiji la Mbeya. La, hasha. Ruanda yetu ni hii ya Mbozi, ambayo tangu mwaka 2016 imo katika mkoa mpya wa Songwe.

Baraza lenyewe halikuwa na fahari yoyote. Lilikuwa ni mabenchi mawili mbele ya kibanda cha fundi cherehani mmoja, mzaliwa wa Tanga, aliyekuja huku zamani kufuata kazi akaoa na kuzeeka papa hapa. Wajumbe wake tulikuwa walimu watatu, dereva mstaafu wa malori ya kwenda Zambia, mkulima wa kahawa ambaye pia ni mwimbishaji wa kwaya ya kanisa, na fundi mwenyewe. Kila jioni, kazi zikiisha, tulikutana hapo kunywa kahawa na kuzungumza. Na msomaji huenda akastaajabu akiambiwa kuwa mazungumzo yetu, jioni nyingi sana, yalihusu watunzi wawili wa muziki wa sinema wa mji wa Bombay, ambao hakuna hata mmoja wetu aliyepata kuwaona kwa macho.

Katika insha hii tunakusudia kueleza watunzi hao walikuwa nani, wapenzi wao wa hapa Ruanda walikuwa na maoni gani juu ya kazi zao, na mabishano hayo yalitufunza nini juu ya utamaduni wetu wenyewe. Hili la mwisho ndilo zito kupita yote, na tulilitambua kwa kuchelewa.

Shankar Singh Raghuvanshi alizaliwa mwaka 1922 akakulia Hyderabad; kazi yake ya kwanza ilikuwa kupiga tabla. Jaikishan Dayabhai Panchal alizaliwa mwaka 1929 katika jimbo la Gujarat, na yeye alikuwa mpigaji wa kinanda cha mkono. Walifanya kazi pamoja Bombay katika kundi la michezo ya kuigiza la Prithvi Theatre, na mwaka 1949 wakapewa na mwigizaji na mwongozaji Raj Kapoor kazi ya kutunga muziki wa filamu iitwayo Barsaat. Tangu siku hiyo majina yao yalishikana kama kidole na pete. Mwaka 1951 ilitoka Awaara, na mwaka 1955 ikafuata Shree 420. Maneno ya nyimbo yaliandikwa na washairi Shailendra na Hasrat Jaipuri. Sauti zilikuwa za Mukesh, Lata Mangeshkar, Mohammed Rafi na wengineo. Katika maisha yao ya kazi watunzi hawa walijipatia mara tisa tuzo ya muziki ya Filmfare, ambayo ni heshima kubwa katika sinema ya Kihindi.

Sifa za Awaara zilivuka mipaka ya India. Huko Urusi na nchi nyingine za Kisovieti, ilikoonyeshwa kuanzia mwaka 1954, inahesabiwa kuwa tiketi zaidi ya milioni 60 ziliuzwa. Huku kwetu, katika miaka ya 1950 na 1960, majumba ya sinema ya Unguja, Dar es Salaam na Tanga yalifurika watu zilipoonyeshwa filamu za Kihindi, na Awaara ilikuwa miongoni mwa zile zilizopendwa kupita kiasi. Si vigumu kuona sababu. Filamu hiyo inasimulia habari za hakimu anayeamini kwamba mtoto wa mwizi hana budi kuwa mwizi, na mtoto wa muungwana hana budi kuwa muungwana. Kisha mwanawe mwenyewe, aliyefukuzwa pamoja na mama yake kabla hajazaliwa, anakulia katika umaskini na kuwa mwizi. Watu waliokuwa bado chini ya utawala wa kikoloni, wakiambiwa kila siku kuwa wamezaliwa duni, waliielewa hoja hiyo bila ya mkalimani.

Fundi wetu alikuwa mmoja wa vijana waliosimama katika safu za tiketi huko Tanga. Alipokuja Ruanda alikuja na cherehani yake na sanduku la mbao. Kwanza sanduku hilo lilikuwa na santuri, baadaye kanda. Kila kanda ilikuwa na karatasi ndani yake, na katika kila karatasi fundi aliandika kwa mwandiko mzuri jina la filamu, mwaka, mtunzi wa muziki, mtunzi wa maneno na mwimbaji. Kwa kusikiliza kanda hizo cherehani ikilia, sisi watu wa bara tusiopata kuingia katika jumba la sinema tulijikuta tumekuwa mashabiki. Na mashabiki wakiwa zaidi ya mmoja, hapakosi ubishi.

Kambi ya kwanza ilikuwa ya fundi mwenyewe. Yeye alishikilia kuwa kazi bora za Shankar na Jaikishan ni zile za miaka kumi ya mwanzo, yaani kutoka Barsaat ya 1949 mpaka Anari ya 1959. Hoja yake ilikuwa kwamba katika miaka hiyo tuni zilikuwa nyepesi kushikwa na mtu yeyote, hata mchukuzi wa mizigo bandarini, na hali zimejengwa juu ya raga za kale, hasa ile iitwayo Bhairavi, ambayo watunzi hawa waliipenda mno. "Wimbo mzuri," alizoea kusema, "ni ule ambao mtoto huweza kuuimba lakini fundi wa muziki hawezi kuumaliza."

Kambi ya pili iliongozwa na dereva. Kwake yeye, kilele cha watunzi hawa kilikuwa katika miaka ya 1960: Junglee ya 1961, Sangam ya 1964, Suraj ya 1966, Brahmachari ya 1968. Alipenda fidla nyingi zilizopigwa kwa pamoja kama upepo wa mlimani, akodiani, tarumbeta na mapigo ya haraka. Alituambia kuwa nyimbo hizo ndizo zilizomfikisha salama safari nyingi za usiku, maana zilimwondolea usingizi katika milima na kona za barabara kuu. Fundi alimjibu kuwa ala nyingi ni kama viungo vingi katika mchuzi: huficha samaki aliyeoza. Dereva naye hakukubali. Alieleza kuwa watu wale hawakuongeza ala kwa ajili ya kelele; mwaka 1968 walitoa santuri nzima iliyounganisha raga za Kihindi na jazi ya Kimarekani, jambo ambalo mtu aliyechoka kufikiri hawezi kulithubutu.

Ubishi mwingine ulihusu nani kati ya wawili hao alikuwa fundi zaidi. Kwa muda mrefu wenyewe walishikilia kuwa kila tuni ni ya wote wawili, na wakaweka majina yao pamoja katika kila kazi. Wajuzi husema kuwa Shankar alikuwa bingwa wa nyimbo za ngoma na za mapigo magumu, na Jaikishan bingwa wa nyimbo za mapenzi na wa ule muziki usioimbwa unaopita chini ya maneno ya waigizaji. Jaikishan alifariki tarehe 12 Septemba 1971, akiwa na umri wa miaka 41 tu. Shankar aliendelea kufanya kazi kwa jina lile lile la wote wawili mpaka alipofariki mwaka 1987. Tuzo ya mwisho, ya filamu ya Be-Imaan ya 1972, ilitolewa mwenziwe akiwa amekwisha kufa. Lakini Raj Kapoor, ambaye filamu yake ya Mera Naam Joker ya 1970 haikupata watazamaji aliowatarajia, aliwapa watunzi wengine kazi ya filamu yake iliyofuata, Bobby, ya mwaka 1973. Mkulima wetu, ambaye ni mwimbishaji wa kwaya na anajua uchungu wa kufiwa na mwenzi wa sauti ya pili, ndiye peke yake aliyezitetea kazi za Shankar za miaka hiyo ya upweke. Alisema kuwa mtu huyo aliendelea kuliacha wazi kiti cha mwenzake mezani, na kwamba ukisikiliza vizuri utakisikia kiti hicho kitupu.

Kambi ya tatu ilikuwa ya mwalimu mmoja wa Kiswahili katika sisi walimu watatu. Huyu alitushangaa sote. Alitusaili: "Ninyi mnasifu nyimbo ambazo hamjui neno hata moja. Ushairi ni maneno. Mtawezaje kumsifia mpishi ambaye chakula chake mmekinusa tu dirishani?" Swali hili lilitukalisha kimya jioni nzima. Kesho yake fundi alileta jibu. Alisema kuwa mtoto mchanga hulala kwa wimbo wa mama yake kabla hajajua maneno, wala hakuna anayemwambia mtoto yule kuwa usingizi wake ni wa bure. Mwalimu akakiri kuwa jibu hilo lina uzito, lakini akaongeza kuwa mtoto yule hukua, na akikua hutakiwa ajue mama yake aliimba nini.

Hapo ndipo mjadala ulipoanza kugeuka kutoka mambo ya Bombay kuja mambo ya kwetu. Mwalimu alileta habari za watu wa pwani waliozichukua tuni za filamu za Kihindi na kuzitilia mashairi ya Kiswahili. Mashuhuri katika hao ni marehemu Mohamed Khamis Juma Bhalo wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1942 na kufariki mwaka 2014, ambaye taarabu yake ilipendwa sana kwa tuni zenye asili ya Kihindi na mashairi ya Kiswahili fasaha. Je, huo ni wizi au ni utunzi? Dereva alisema ni wizi. Fundi alisema ni utunzi. Mwalimu alisema kuwa shairi ni la Mswahili, tuni ni ya Mhindi, na haki ni kuwataja wote wawili.

Lakini suala hili lina kina zaidi ya hapo. Katika Awaara mna ndoto ndefu yenye nyimbo na ngoma, na wimbo mmoja uliomo ndani yake umefanana mno na wimbo wa Kimisri uliotungwa na Riyad al-Sunbati kwa ajili ya filamu Widad ya mwaka 1936, ambao Umm Kulthum aliuimba akaupa sifa. Basi tazama safari hiyo! Tuni inaondoka Kairo, inapita Bombay, kisha inakuja katika majumba ya sinema ya mwambao wetu, mahali ambapo watu wa taarabu walikuwa wamekwisha kujifunza ganuni na udi kutoka Misri. Chama cha Ikhwan Safaa cha Unguja kiliundwa tangu mwaka 1905. Mkopeshaji wa leo alikuwa mkopaji wa jana. Hivyo mwenye kusema kuwa kukopa ni aibu hatasalimika, wala Mhindi, wala Mmisri, wala Mswahili.

Tulikumbuka hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Desemba 1962, alipotangaza kuundwa kwa wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa. Katika hotuba hiyo alisikitika kwamba wasomi walijua kucheza dansi za kigeni lakini hawakujua ngoma za watu wao. Hata hivyo alionya pia kuwa taifa linalokataa kujifunza kutoka kwa mataifa mengine halina akili. Mambo haya mawili aliyasema mtu mmoja siku moja, na hayapingani. Sisi wa Mbozi tunao mfano wake karibu. Kule Ndolezi kiko kile kimondo kikubwa kilichoanguka kutoka mbinguni. Hakuna kitu kigeni kuliko kile, maana hakikutoka hata katika dunia hii; lakini kwa kuwa wazee walikipokea, wakakitunza na kusimulia habari zake, leo ulimwengu mzima hukiita Kimondo cha Mbozi.

Basi tukajiona kuwa tumelimaliza jambo. Kumbe bado.

Fundi wetu alifariki katika msimu wa mvua. Baada ya arobaini, mjane wake alituita sisi watu wa baraza akatuonyesha lile sanduku. Alisema kuwa watoto wameshauri liuzwe au litupwe, kwani siku hizi muziki husikilizwa katika simu. Lakini yeye aliona vema atuulize kwanza. Tukaketi kuzipanga kanda. Barsaat, Awaara, Shree 420, Chori Chori, Anari: kila moja na karatasi yake, kila karatasi na majina yake, bila kosa. Hata jina la Dattaram, aliyewasaidia watunzi wale katika mapigo ya ngoma, marehemu alikuwa ameliandika.

Chini kabisa tulikuta kanda tatu ambazo hatukupata kuzisikia. Tulipoziweka katika redio, tulisikia sauti za akina mama wa hapa hapa Ruanda wakiimba Kinyiha, na nyuma yao jogoo na watoto. Marehemu alikuwa amewarekodi zamani: wimbo wa kuchuma kahawa, wimbo wa harusi, na wimbo wa kumliwaza mfiwa. Tukatoa karatasi zilizokuwa ndani yake. Mwandiko ulikuwa ule ule mzuri. Lakini mahali pa mtunzi, katika karatasi zote tatu, aliandika maneno mawili tu: "Wimbo wa zamani."

Tulitazamana. Mtu aliyejua jina la mpiga ngoma wa Bombay hakujua, wala hakuuliza, jina la mwanamke aliyetunga wimbo uliokuwa ukiimbwa ng'ambo ya ua wake. Wala hatusemi haya kumlaumu marehemu, kwani yeye angalau alirekodi. Sisi tuliozaliwa hapa, tena walimu, hatukufanya hata hilo. Tulibishana miaka mingi nani kati ya Shankar na Jaikishan alitunga wimbo gani, na hatukupata kubishana hata jioni moja juu ya nani alitunga wimbo ambao mama zetu walituimbia. Tuliamini, bila ya kujisaili, kuwa nyimbo za Kihindi zina watunzi, na nyimbo zetu huota zenyewe kama magugu.

Mkulima wetu wa kahawa aliitambua sauti mojawapo. Tulikwenda kwa mwenye sauti hiyo, bibi mkongwe sana, tukampigia kanda. Alisikiliza, akacheka, kisha akalia. Tulipomwuliza, "Bibi, shikamoo, wimbo huu ni wa zamani sana?" alishangaa. Akasema kuwa wimbo wa kuchuma kahawa si wa zamani hata kidogo. Ulitungwa na shangazi yake, naye alikuwapo siku ulipotungwa. Shangazi huyo aliutunga kwa sababu ya ugomvi wa mizani: wachumaji waliona kuwa kahawa yao inapimwa pungufu, na kwa kuwa hawakuthubutu kusema, waliimba. Maneno tuliyodhani kuwa ni ya kumsifu ndege mwenye kula matunda yalikuwa ni ya kumsuta mpimaji. Hapo tulilikumbuka neno la mwalimu wetu kwamba mtoto akikua hana budi kujua mama yake aliimba nini.

Kuhusu wimbo wa harusi, bibi aliweza kutaja kijiji ulikotoka, jina hakulikumbuka. Kuhusu ule wa kumliwaza mfiwa hakujua lolote, na wenzake wote waliosikika katika kanda hiyo wamekwisha kufa. Tulichelewa. Mtunzi wa wimbo huo ametoweka milele, wala hakuna tuzo wala kitabu kitakachomrudisha. Jina la shangazi tumeliandika katika daftari. Hapa hatulitaji, kwa kuwa ukoo wake bado haujatupa idhini.

Kanda za Kihindi hatukuzitupa wala hatukuziuza. Mjane ametuazima, na jioni moja moja tunazipiga na kubishana kama zamani, ingawa ubishi bila fundi umepungua chumvi. Hatuoni haya kusema kuwa tungali tunawapenda Shankar na Jaikishan. Wao ndio waliotufunza kusikiliza kazi za mtu mmoja mmoja, kuuliza alianza vipi, alibadilika lini, alishirikiana na nani, na nini kilimpata mwenzake alipokufa. Kosa letu lilikuwa kudhani kuwa maswali hayo yanawastahili watu wa mbali tu.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wenzetu na vijana wa sekondari jambo moja jepesi. Mwacha asili ni mtumwa, lakini asili haishikwi kwa kuisifu jukwaani siku za sherehe. Mwanafunzi atakapopewa kazi ya kukusanya nyimbo za kwao, asirudi na maneno ya wimbo peke yake. Aulize: nani aliutunga? Aliutunga wapi, kwa sababu gani? Alitunga nyingine zipi? Watu wa kijiji walisema nini, nani aliusifu na nani aliuchukia? Na akijibiwa kuwa ni wimbo wa zamani, asikubali upesi. Aende nyumba ya pili na ya tatu. Huenda katika nyumba ya tatu yuko bibi ambaye alikuwapo siku ulipotungwa, naye amekaa miaka yote hiyo akingoja kuulizwa.